Umeshinda, Sasa Lipa

Barua za mwezi huu nimezisomea barazani, hapa mtaa wa Section 58, Nakuru, mvua ya alasiri ikipiga mabati. Ziko nne, na tatu kati yake zina neno lilelile katika mistari ya kwanza: nilishinda. Kwa msomaji anayefika hapa kwa mara ya kwanza, nilikuwa karani wa masjala ya mahakama kwa miaka 26 kabla ya kustaafu. Majina ya wanaoniandikia nayaficha, na barua ndefu nazifupisha.

*Mama, pokea salamu kutoka Njoro. Mimi ni mwalimu wa chekechea. Mwezi wa tatu nilipita mjini Nakuru, mlangoni mwa supamaketi nikamkuta kijana ana meza na mwavuli. Akaniambia nijaze kuponi, ni bure, jina na namba ya simu tu. Baada ya wiki mbili nikapigiwa: "Hongera, umeshinda seti ya sufuria 12 za thamani ya shilingi 18,000." Nifike ukumbi wa hoteli fulani Jumamosi, na nisikose kuja na mume wangu. Tulikalishwa saa tatu nzima tukionyeshwa mashine ya kusafisha maji. Wakatuambia maji yetu ya Njoro yana floraidi inayoharibu meno ya watoto, na mashine hiyo inaiondoa. Nilipouliza sufuria zangu, nikajibiwa zinatolewa pamoja na mashine, ambayo ni shilingi 42,000, na bei hiyo ni ya siku hiyo tu. Kila mtu akitia sahihi, ukumbi mzima unapiga makofi. Tukalipa 12,000 kwa M-Pesa na kukubali kumaliza zilizobaki kwa miezi sita. Mashine tukapewa. Sufuria wakasema zimeisha, zitaletwa. Leo ni wiki ya saba. Nikipiga simu naambiwa sufuria zitatoka nikimaliza deni, tena nitume 2,500 za usafiri. Mume wangu anasema tunyamaze, tusije tukachekwa. Je, nina haki yoyote? — Mwalimu, Njoro*

Mwalimu, msinyamaze. Haki unayo, na ina siku zake, kwa hiyo naanza na siku.

Swali langu la kwanza: je, mlipewa nakala ya mkataba mliotia sahihi? Katika barua yako sijaona popote ukiitaja. Sheria ya Ulinzi wa Watumiaji Bidhaa ya 2012 inatambua mkataba unaofanyika ana kwa ana mahali ambapo si dukani kwa muuzaji, kama huo ukumbi wa hoteli. Mkataba wa namna hiyo mnunuzi anaweza kuuvunja bila kutoa sababu yoyote, tangu siku ya kuufanya hadi siku 10 zitimie baada ya kupokea nakala ya maandishi. Soma tena hapo: siku 10 zinahesabiwa kuanzia siku nakala ilipofika mkononi mwako. Kama hukupewa karatasi, hesabu hiyo haijaanza. (Ungenunua kwenye maonyesho ya kilimo au sokoni, mlango huu usingekuwa wazi, kwa sababu sheria imeyatenga maeneo hayo. Nataja hili kwa ajili ya wale wanaonunua vyombo kila mwaka kwenye maonyesho pale uwanjani kwetu.)

Hata kama nakala mlipewa na siku 10 zimepita, bado kuna mlango mpana zaidi. Kifungu cha 12 cha sheria hiyohiyo kinaeleza maana ya maelezo ya uongo katika biashara. Uongo wa waziwazi umo. Umo pia utiaji chumvi, kuficha jambo la maana ambalo mnunuzi alistahili kuambiwa, na kumpotosha mtu kuhusu kusudi la kumwita. Sasa rudi kwenye ile simu. Uliitwa kupokea sufuria. Ulipofika ndipo ukajua umeitwa kununua mashine. Kama kijana yule angesema, "Njoo Jumamosi tukuuzie mashine ya elfu arubaini na mbili, ukinunua tutakuongezea sufuria," ungepanda matatu ya kutoka Njoro? Na baada ya hapo kifungu cha 16 kinasema kwamba mkataba uliofanywa wakati muuzaji anatumia mbinu hizo, uwe wa maandishi au wa mdomo, mnunuzi anaweza kuufuta, mradi atoe taarifa ndani ya mwaka mmoja tangu siku ya mkataba. Wewe uko wiki ya saba.

Sasa niseme kuhusu floraidi, maana hapo ndipo palipouma. Floraidi ni kweli. Anayeishi Nakuru, Njoro au Elementaita amewaona watoto wenye meno ya kahawia, na visima vya huku kwetu vinajulikana kwa madini hayo. Ule uongo ulinata kwa sababu ulipakwa juu ya ukweli unaouona kila asubuhi darasani kwako. Lakini kuchemsha maji hakuondoi floraidi, na chujio la kawaida la kuzuia uchafu na vijidudu haliiondoi pia. Inataka vifaa vya kazi hiyo hasa, kama vichujio vya mkaa wa mifupa, ambavyo mradi wa maji wa Dayosisi ya Katoliki ya Nakuru ulivifanyia kazi kwa miaka mingi hapahapa. Waulize wauzaji kwa maandishi: mashine hii inaondoa floraidi kwa njia gani, na nani aliipima? Wakishindwa kujibu, una uongo wa pili mkononi, mzito kuliko wa sufuria.

Halafu kuna lile sharti la kuja na mume. Nimelisikia katika simulizi nyingi za namna hii, na wengi hulichukulia kama heshima kwa ndoa. Kazi yake ni kuziba njia ya kutokea. Mke akija peke yake atasema, "Ngoja nikashauriane na baba watoto," na akifika nyumbani, kichwa kimetulia, harudi. Mkiwa wote wawili mmekaa pale, chai imenywewa, watu wanapiga makofi, kila mmoja anamwangalia mwenzake na hakuna wa kushauriana naye tena. Kwa hiyo mzee wa nyumba asijilaumu kwamba alikuwepo na hakuzuia. Aliitwa ili asizuie.

Kuhusu zile 2,500 za usafiri: usitume. Kitu cha kulipia ndipo ukipate kina bei, na bei yake ndiyo hiyo unayoombwa. Mwaka 2012 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya iliulizwa swali karibu na hili lako, kuhusu kampuni zilizokuwa zikiwaandikia watu kwamba wameshinda, kisha zikawataka wapige simu ya kulipia au watume barua kwa posta ili wajue wameshinda nini. Mahakama ikasema mshindi asitozwe chochote, hata kama gharama ni ya stempu moja tu. Hukumu ile haina nguvu hapa Kenya, lakini naitaja kwa sababu majaji wale waliona jambo ambalo mama yeyote wa sokoni Wakulima angewaambia.

Fanya hivi wiki hii. Andika barua, iwe fupi. Kwa Kiswahili ni sawa kabisa: "Tarehe fulani mlinipigia simu mkaniambia nimeshinda sufuria. Nilipofika mlinitaka ninunue mashine ya shilingi 42,000. Sufuria sijapewa hadi leo. Chini ya Sheria ya Ulinzi wa Watumiaji Bidhaa ya 2012 ninaufuta mkataba huu. Nirudishieni shilingi 12,000. Mashine iko nyumbani, imefungwa, njooni mwichukue." Tia sahihi na tarehe. Ipeleke ofisini kwao kama wana ofisi, mtu akugongee muhuri kwenye nakala yako. Na hata wakikataa kugonga, itume pia kwa WhatsApp na barua pepe, kisha piga picha ya skrini ionyeshe imepokelewa. Mashine msiitumie tena. Ujumbe wa M-Pesa wa zile 12,000 usiufute, na ikiwezekana uchapishe taarifa ya M-Pesa ya mwezi huo. Jaribu pia kuwapata wawili au watatu mliokaa nao meza moja. Nilipokuwa masjala niliona kesi nyingi zikianguka kwa sababu mtu alikuja na uchungu wake tu bila karatasi.

Wakikaa kimya, nenda Mahakama ya Madai Madogo. Nakuru tunayo. Inasikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni moja, huhitaji wakili, unajieleza mwenyewe kwa Kiswahili mbele ya mwamuzi, na sheria inataka shauri liishe ndani ya siku 60 tangu lifunguliwe. Nilipoanza kazi, mtu wa dai la elfu kumi na mbili alikuwa akipangwa foleni moja na wagomvi wa ekari mia, na miaka ilikuwa ikipita. Mahakama hizi zilianza kazi Nairobi mwaka 2021, na kwangu mimi ni mojawapo ya mambo mazuri zaidi niliyoyaona yakifanyika katika haki za nchi hii. Tafadhali zitumieni.

Mbali na pesa zako, peleka malalamiko kwa Mamlaka ya Ushindani ya Kenya. Hawatozi ada. Sheria ya Ushindani ya 2010, kifungu cha 55, inafanya maelezo ya uongo katika kuuza bidhaa kuwa kosa la jinai, na adhabu inafika kifungo cha miaka mitano au faini ya shilingi milioni kumi, au vyote viwili. Na ile kuponi uliyoijaza mlangoni? Ulitoa namba yako kwa ajili ya zawadi. Kama waliitumia kukutafutia mauzo bila kukuambia, hilo nalo ni suala la Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019.

Umesema mumeo anaogopa kuchekwa. Mwambie nina habari yangu. Babangu alikuwa fundi katika karakana ya reli, mtu aliyehesabu kila senti ya karo yetu. Alipostaafu, sanduku lake la posta likaanza kupokea bahasha kutoka ng'ambo, jina lake limechapwa kwa herufi kubwa: mzee ameteuliwa, mzee yuko karibu na gari na pesa taslimu. Kulikuwa na mstari mdogo chini uliosema "iwapo namba yako itakuwa imeteuliwa", lakini macho yake hayakuwa ya mistari midogo tena. Kila alipoagiza kitabu aliambiwa amesogea. Alituma hawala za posta kwa miaka kama minne. Sisi watoto hatukujua lolote. Alipofariki tulifungua sanduku lake la bati tukakuta bahasha 31 zimepangwa kwa tarehe, na vitabu ambavyo havijafunguliwa, kimojawapo cha kutunza bustani wakati wa theluji. Angeniambia mara moja tu, mimi nilikuwa karani wa mahakama, ningefanya kitu. Aliona haya. Kila ninapojibu barua kama yako naona lile sanduku.

*Habari yako Mama. Niko Kondele, Kisumu, ninaendesha boda. Nilipata ujumbe kwamba namba yangu imeshinda shilingi 100,000 kwenye promosheni. Nikapiga, mwanamume akanijibu vizuri sana, akanitaka nitume 2,950 za kodi ya KRA kwa namba yake. Nikatuma. Akasema bado 1,500 za kufungua akaunti. Nikatuma. Sasa simu imezimwa. Zitarudi? — Mwendesha boda, Kondele*

Pole sana mwanangu. Uwezekano wa kuzipata ni mdogo, na sitakudanganya, lakini fanya yafuatayo hata kama umechelewa.

Tuma ule ujumbe wa ushindi kwa namba 333, ambayo ndiyo ya Safaricom ya kuripoti ulaghai, haitozi. Ujumbe wa M-Pesa wa malipo utume kwa 456 kuomba muamala urudishwe. Njia hiyo huwasaidia hasa waliowahi kabla pesa hazijatolewa, kwa hiyo kwa siku zijazo kumbuka kwamba dakika tano za kwanza ndizo zenye maana. Kisha nenda kituo cha polisi uandikishe, upewe namba ya OB, yaani ya kitabu cha matukio. Kujipatia pesa kwa kudanganya ni kosa chini ya kifungu cha 313 cha Kanuni ya Adhabu, kifungo chake hadi miaka mitatu. Huyo mtu aliacha namba ya simu, na laini za simu husajiliwa kwa kitambulisho. Polisi wakikuambia "hizo ni simu za wafungwa wa gereza la Kamiti, sahau," waombe kwa heshima wakuandikie tu. Namba moja ikiripotiwa na watu 20 haiwi tena hadithi ya mtu mmoja wa boda.

Kuhusu kodi: anayelipa zawadi ndiye anayekata kodi ya serikali na kuipeleka, kisha anakupa kilichobaki. Mshindi hatangulizi kodi kwa simu ya mtu. Na Safaricom wakikupigia, simu inatoka 0722 000 000. Ikiwa ni nyingine yoyote, kata.

Neno moja zaidi, na hili nakuomba ulisikie. Baada ya kuibiwa, atatokea mtu mtandaoni anayejua kukurudishia pesa zako kwa ada kidogo tu. Mara nyingi orodha ya waliolaghaiwa huuzwa, na wewe sasa uko kwenye orodha. Usimpe hata shilingi kumi.

*Mama, mimi ni mwanafunzi Maseno. Nilifungua soda nikakuta kizibo kimeandikwa nimeshinda simu. Nilipokwenda kwa msambazaji Kisumu akasema promosheni iliisha wiki iliyotangulia. Soda nilinunua siku hiyohiyo, na kwenye chupa hakuna tarehe. — Mwenye kizibo*

Kizibo usikipe mtu yeyote, hata akisema anakipeleka kukaguliwa. Kipige picha pande zote mbili, na risiti ya duka kama unayo. Kisha uliza: tarehe ya mwisho ilitangazwa wapi, na mnunuzi wa kawaida wa kibanda cha Maseno angeiona vipi? Chupa ikiendelea kuuzwa na tangazo la zawadi liko juu yake, huku muda umekwisha na chupa haisemi, ndiko kuficha jambo la maana ninakozungumzia katika jibu la Mwalimu. Waandikie kampuni yenyewe makao makuu, msambazaji mwache. Nitumie picha, nami nitaisoma barua yako kabla hujaituma.

Lakini usijenge nyumba juu ya kizibo hicho bado. Mwaka 1992 huko Ufilipino kampuni ya Pepsi ilitangaza kwenye televisheni namba iliyoshinda peso milioni moja, 349, kumbe vizibo vyenye namba hiyo vilikuwa vimechapwa kwa mamia ya maelfu. Watu walijaa barabarani, kulikuwa na ghasia, wakafa watu. Kampuni ikasema vizibo vile havikuwa na alama sahihi ya usalama, ikatoa peso 500 kwa kila mmoja kama kifuta jasho. Kesi zilizunguka hadi mwaka 2006, Mahakama ya Juu kule ikaamua kampuni haidaiwi. Angalia basi kama kizibo chako kina alama ya siri, na kiandike mahali kabla wino haujafutika.

*Kwako Mama. Nina duka la jumla Kanduyi, Bungoma. Ushindani umezidi, nimewaza Desemba nifanye droo: kila anayenunua bidhaa za shilingi 1,000 anapata tiketi, na zawadi ni mtamba. Jirani yangu ananiambia nisijisumbue na karatasi, ni ng'ombe mmoja tu. Sitaki kuingia mashakani. Na ikitokea mtamba akafa kabla ya siku yenyewe? — Mfanyabiashara, Kanduyi*

Ndugu yangu, barua yako ndiyo iliyonipa raha mwezi huu. Umeuliza kabla. Wengi huuliza baada.

Jirani yako amekosea. Tiketi inayopatikana kwa kununua, na mshindi anayepatikana kwa bahati, ni bahati nasibu machoni pa sheria, awe ng'ombe au awe gari. Tangu mwaka 1966 tulikuwa na Sheria ya Kamari, Bahati Nasibu na Michezo, Sura 131, iliyotaka leseni kutoka bodi ya serikali. Ndiyo maana kwenye matangazo ya kampuni kubwa ulizoea kuona maandishi kwamba promosheni imeidhinishwa na bodi hiyo. Mwaka 2025 ilipita Sheria mpya ya Udhibiti wa Kamari, ambayo inaunda mamlaka mpya ya kusimamia mambo haya. Katiba nayo, katika Jedwali la Nne, imezipa kaunti sehemu ya kazi ya kamari na burudani za umma. Kwa hiyo anza na ofisi ya biashara ya kaunti pale Bungoma, waeleze ni droo ya duka, wakuelekeze ni kibali gani na nani anakitoa sasa. Nenda Septemba, usingoje Novemba. Na kibali kikikuwia kigumu, kuna njia rahisi isiyo na bahati ndani yake: kila anayenunua bidhaa za kiasi fulani apewe kitu kilekile, leso au pakiti ya majani ya chai. Hapo hakuna droo, kuna bei nzuri tu.

Ukipata kibali, sasa bango. Ukishabandika "Nunua ushinde mtamba", umejifunga. Kuna kesi ambayo kila mwanafunzi wa sheria Kenya huisoma mwaka wa kwanza. London, mwaka 1891, kampuni moja ilitangaza gazetini kwamba kifaa chake cha kuvuta moshi wa dawa kinazuia mafua makali, na atakayekitumia mara tatu kwa siku kwa wiki mbili kisha akaugua, atalipwa pauni 100. Ikaongeza kwamba imeweka pauni 1,000 benki kuonyesha haifanyi mzaha. Bi Carlill akanunua, akatumia kama walivyosema, na Januari 1892 akaugua. Kampuni ikakataa kulipa, ikisema yale yalikuwa maneno ya kunogesha biashara. Desemba mwaka huohuo mahakama ya rufaa ikasema hapana: mliahidi, akatimiza mliyomtaka atimize, mlipeni. Sheria yetu ya Mikataba, Sura 23, imechukua kanuni za Waingereza za mikataba, na ndiyo maana mama yule wa London anaweza kumtetea mnunuzi wa unga Kanduyi.

Kwa hiyo andika unachoweza kutimiza. Ukiandika mtamba wa Friesian, usije ukaleta zebu. Taja umri wake, taja kama ana mimba au hana, maana kwa watu wa huko tofauti hiyo ni pesa nyingi. Andika tarehe ya kwanza na ya mwisho ya kupata tiketi, siku na saa ya droo, mahali, na mshindi asipopatikana itakuwaje. Andika kwa herufi kubwa, na kwa Kiswahili, kwa sababu wateja wako watakaosimama mbele ya bango hilo si mawakili. Wewe, mkeo, watoto na wafanyakazi wa duka msishiriki. Siku ya droo mtoto wa shule asiyehusiana nanyi achomoe tiketi mbele ya watu, chifu au naibu wake awepo, na mshindi atie sahihi akipokea.

Bei usizipandishe. Afrika Kusini wameliweka hili wazi katika kifungu cha 36 cha sheria yao ya 2008: ukiuza bidhaa ghali kuliko kawaida kwa sababu ya shindano, unahesabiwa kuwa umewatoza watu ada ya kushiriki. Mimi naona ni haki tupu. Unga ukiwa shilingi 160 mwezi wa kumi na moja, ubaki 160 Desemba mkiwa na mtamba. Ukiongeza kumi kwa kila pakiti, ng'ombe watakuwa wamemnunua wateja, kisha mmoja wao tu anaondoka naye.

Na asitozwe kitu mshindi. Wala "ya daktari wa mifugo", wala "ya kamba", wala ya lori. Kama huwezi kumfikishia nyumbani, bango liseme mapema kwamba mshindi atamchukua mwenyewe dukani.

Sasa akifa. Kifo cha mtamba hakifuti deni, wewe ndiye unayedaiwa, kwa sababu uliahidi mtamba. Hukuahidi yule mmoja mwenye alama nyeupe usoni. Ndiyo maana nakushauri bango lisitaje ng'ombe mahususi wala lisiwe na picha yake, liseme "mtamba mmoja wa Friesian wa umri fulani, au thamani yake shilingi kadhaa". Kiasi hicho kiweke kando tangu siku ya kwanza, kama ile kampuni ya London ilivyoweka benki. Ukimnunua mapema kwa sababu bei ya Oktoba ni nzuri, mwite daktari wa mifugo ampime na kumchanja, uliza pia bima ya mifugo, na ukae na karatasi za chanjo umkabidhi mshindi pamoja na ng'ombe.

Nijulishe siku ya droo. Nina shemeji Chwele, nikipata nauli nitakuja kuona.